Depo ya Wanawake

Riziki mwanangu,

Umeenda Lubuye kuaga shangazi zako na nyumba imetulia. Jua limekwisha kuegemea upande wa milima, nami nimevuta kiti mpaka barazani nipate mwanga wa kuandikia. Sanduku lako limefungwa. Motari atakuja kesho asubuhi, na mjomba wako amesema atasimama mwenyewe kuangalia mizigo ikifungwa kwenye pikipiki.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji, wala ya chandarua, wala ya vumbi la njia ya Nyunzu. Hayo nimeyasema mpaka sasa unanijibu kabla sijafika mwisho. Nataka kukuandikia juu ya depo. Unajua kwamba ulizaliwa gerezani, ndani ya boloko. Hapa mtaani hakuna asiyejua, na ulipokuwa mdogo watoto wenzako walikuita Mutoto wa Boloko mpaka ukapigana nao. Lakini sijawahi kukaa nawe nikakusimulia habari hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Baba yako hakupenda izungumzwe. Mimi nilikuwa nasema kipande leo, kipande kingine mwaka unaofuata, tena nikiwa nimekasirika. Sasa unakwenda Manono kukaa katika biro ya mwendesha mashtaka. Watu watakuita majistra, na karatasi ya kumweka mtu gerezani itakuwa inangoja mkono wako. Ni haki yako kujua karatasi ya namna hiyo ilitufanyia nini, na ilipokosekana ilitufanyia nini.

Wakati ule hatukukaa Kalemie. Tulikaa kijiji kimoja cha kando ya ziwa, upande wa kusini, chenye posti ya zamani ya serikali juu ya kilima. Wazee waliiita posti ya Bulamatari, yaani ya Wabelgiji, ingawa Mbelgiji wa mwisho aliondoka pale kabla mimi sijazaliwa. Vita ilikuwa inaelekea kuisha. Baba yako Mulongo alikuwa anaendesha mtumbwi wa injini wa mfanyabiashara mmoja. Alipeleka samaki wa ndagala na chumvi, akarudi na mahindi. Mimi nilikuwa na mimba yako, mimba ya kwanza, na tumbo lilikuwa kubwa kiasi kwamba nguo nilizifua nikiwa nimekaa.

Injini ya mtumbwi wa huyo patroni wake ikapotea, akashukiwa yeye. Baba yako alikuwa Moba, alikokwenda kumzika mjomba wake, na habari hiyo hakuwa nayo. Askari wawili walikuja nyumbani wakanikuta naanua mihogo.

"Mulongo iko wapi?" mkubwa wao akauliza.

"Ameenda Moba, kwenye kilio."

"Atarudi lini?"

"Kilio kikiisha."

Waliangalia ndani, wakaangalia nyuma ya nyumba, wakarudi. Yule mkubwa akatazama tumbo langu, halafu akatazama pembeni.

"Basi mama, tutaenda na wewe. Akisikia uko ndani, yeye njo atakuja mwenyewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Haujafanya kitu. Ni kwa sababu yake."

Alisema hivyo kwa upole, Riziki. Alingoja nivae viatu. Alinibebea mfuko mpaka juu ya kilima, kwa sababu mwinamo ulikuwa mkali na nilikuwa nahema. Miaka mingi nilitaka kumkumbuka kama mtu mbaya, nikashindwa. Alikuwa kijana wa watu, anafanya kazi kama alivyoikuta ikifanywa.

Gereza la pale lilikuwa la matofali mekundu, kuta nene, milango mifupi. Wafungwa wenyewe ndio waliochoma matofali yale wakati wa Bulamatari, wakajijengea mahali pa kufungwa. Kulikuwa na jengo la wanaume, na ua katikati, na kwenye kona chumba kimoja chenye dari na dirisha kubwa la kutazama ziwa. Hicho kiliitwa Chumba cha Wazungu, kwa sababu zamani Mzungu akikosa hakulazwa pamoja na watu weusi. Wakati wangu mle ndani alikaa mwenye duka mmoja, ana godoro lake na redio yake, na mfungwa mwenzake wa kumfulia nguo. Alipotoka akaingia mwingine mwenye uwezo. Jina la chumba halikubadilika. Nilimwuliza mlinzi mmoja kijana, aliyeitwa Kalonda, kwa nini bado wanakiita hivyo. Akasema, "Tulikikuta hivyo."

Wanawake hawakuwa na jengo. Sisi tuliwekwa depo, ghala ambamo zamani serikali iliweka pamba ya watu waliolazimishwa kulima. Halikuwa na dirisha. Juu kabisa, karibu na bati, kulikuwa na matundu madogo yaliyotobolewa ili pamba isioze. Waliolijenga waliwaza pamba. Sisi tulivuta hewa iliyopimiwa magunia.

Aliyeniletea chakula alikuwa nkambo yangu, mama wa mama yangu, ambaye wewe hukumkuta. Alikuwa amezeeka sana wakati huo. Ilimbidi aje, maana gereza lilitoa kikombe cha mahindi ya kuchemsha, na siku nyingine hata hicho hakikuwepo. Mfungwa aliishi kwa bukari, yaani ugali, wa ndugu zake, na asiye na ndugu aliishi kwa huruma ya wengine. Siku ya kwanza alipofika mlangoni mwa depo, Nkambo hakuniita. Alisimama, akaweka kiganja juu ya ubao.

"Hii mulango naijua," akasema.

Kalonda akacheka. "Nkambo, na wewe ulikuwaka boloko?"

"Mama yangu. Mimi nilikuwa mugongoni."

Akakaa chini, akamsimulia Kalonda, nami nikisikiliza kutoka ndani. Wakati wa kodi, na wa kubeba mizigo, na wa kufungua barabara, wanaume walikuwa wanakimbilia milimani. Askari wakifika kijijini wanakuta wanawake tu. Basi wanawachukua hao wanawake, wanawafungia depo pamoja na pamba, wanatuma neno milimani: waume wakishuka, wake watatoka. Baba yake Nkambo alishuka. Walimchapa viboko uani, wakampeleka barabarani, na aliporudi kifua chake hakikupona tena. Nkambo alikuwa mchanga, hakukumbuka kitu kwa macho yake. Lakini kila walipopita chini ya kile kilima mama yake alimshika mkono akamwonyesha ule mlango.

"Na wale wamama walikuwa wamekosa nini?" Kalonda akauliza.

"Walikuwa wameolewa," Nkambo akamjibu.

Kalonda hakucheka tena. Alifungua mlango akaniacha nile chakula changu nje, kwenye jua. Jioni akaja akanifungia.

Nkambo alinipa na habari ya siku za uhuru. Bendera ya Bulamatari iliposhuka, watu walipanda kilimani, wakawatoa wafungwa, wakacheza ngoma uani. Wengine walitaka kubomoa kuta ili wapate matofali ya kujengea nyumba. Mkubwa mpya, mtoto wa palepale, akawazuia. Aliwauliza: na wezi tutawaweka wapi? Wakaona ana haki. Kabla kiangazi kilichofuata hakijaisha, gereza lilikuwa limejaa, na kila asubuhi wafungwa walitoka wakiwa wamepangwa mstari kwenda kufyeka majani kwa administrata, mkuu wa serikali pale, kama walivyofanya kwa Mzungu aliyekaa nyumba ileile. Kitu pekee kilichobadilika, alisema Nkambo, ni kwamba baadaye kazi hiyo ikaitwa salongo.

Mle depo tulikuwa wanawake wachache. Aliyenipokea ni Mama Feza, mjane wa makamo, mtu wa Ankoro, aliyekuja upande wetu kwa ndoa. Mume wake alikuwa amekufa ghafla, na wakwe zake walisema ni yeye aliyemwua kwa uchawi. Alipelekwa kilimani siku ya matanga. Hakuwahi kuulizwa kitu mbele ya hakimu yeyote. Ndugu zake walikuwa mbali, ng'ambo ya mito, pengine hawakujua hata yuko wapi. Kwa hiyo alikwenda kila siku kuchota maji nyumbani kwa administrata, na kule jikoni wakampa mabaki ya chakula. Hakulalamika. Aliniambia tu: "Wewe mama, lala huku karibu na mulango. Huku chini kunaingia hewa."

Ni kweli, mlango haukufika chini. Kulikuwa na nafasi ya kupita mkono.

Uchungu ulinishika mchana, wanaume wako salongo na mkubwa wa gereza ameshuka sokoni na ufunguo wake. Kalonda alikuwa peke yake, na siku hiyo Mama Feza alikuwa hajatolewa kwenda kuchota maji. Nilimsikia akizunguka pale nje, anakwenda, anarudi.

"Vumilia kidogo, mama," alikuwa anasema. "Ufunguo iko kwa chefu."

"Kalonda," Mama Feza akamwita. "Wacha kutembea. Enda ulete wembe mupya na maji ya moto."

"Nitapitisha wapi?"

"Hapa chini."

Wembe ulipita bila shida. Maji aliyaleta kwenye sahani bapa, akalala kifudifudi kwenye vumbi na sare yake, akaisukuma ile sahani taratibu isimwagike. Alikwenda akarudi, akaenda tena, mpaka Mama Feza akasema yanatosha. Ndivyo ulivyoingia duniani, mwanangu. Mama Feza alikukata kitovu, akakufunga kwa kitenge chake alichokuwa amekihifadhi siku zote kwa ajili ya siku atakayotoka. Akasema uitwe Riziki. Sikumwuliza sababu. Mtu aliyenipa kitenge kile angeweza kukupa jina lolote nikakubali.

Baba yako aliipata habari akiwa njiani kutoka Moba. Watu walimshauri avuke ziwa aende Kigoma, akae kule mpaka mambo yapoe. Ingekuwa rahisi kwake. Alilijua ziwa kuliko njia za nchi kavu. Hakwenda. Alipanda kilima akiwa na shati lake la msibani, akasimama getini, akasema kwa sauti tuliyoisikia mpaka ndani: "Mimi njo Mulongo. Mutoshe bibi yangu."

Wakamwingiza. Mimi hawakunitoa.

Nilingoja siku ile, nikangoja na kesho yake. Kisha nikaomba kumwona mkubwa wa gereza. Hakuwa mtu mkali. Alinipa kiti kwa sababu ya wewe uliyekuwa kifuani.

"Bwana yangu amekuja," nikamwambia. "Mulisema akikuja nitatoka."

"Ni kweli, mama. Lakini wewe hauna dosie, hauna faili ya kesi."

"Sijakosa kitu. Nitapata dosie wapi?"

"Njo shida yenyewe. Mwenye dosie, muntu wa parke, wa biro ya mashtaka, anaandika pale, namutosha. Asiye na dosie, nitamutosha na karatasi gani? Wakiniuliza, nitaonyesha nini?"

Alikuwa ananieleza kwa moyo wote, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Na aliamini anachosema. Ndipo nikaelewa kwamba kuingia mle hakukuhitaji karatasi, kutoka ndiko kulikohitaji.

Baba yako alichapwa uani. Aliyeshika fimbo ya kiboko hakuwa mlinzi. Alikuwa mfungwa mwenzao waliyemfanya kapita, yaani msimamizi wa wengine, anayepata kwa kazi hiyo nafasi ya kulala na kikombe cha pili cha mahindi. Ulipokuwa mwaka wa kwanza wa masomo yako ulinionyesha kwenye kitabu kwamba viboko vilifutwa na sheria zamani sana. Nilikuamini. Lakini sheria hiyo ilikuwa haijapanda kile kilima, na wale waliokuwa juu yake walishika walichoachiwa.

Ulikuwa umekwisha kuanza kucheka siku alipofika majistra mmoja wa ukaguzi. Kijana, viatu vyake vimejaa matope ya njiani. Wakatupanga mstari uani. Alipita akimwuliza kila mmoja kosa lake, na wengi walijibu kwamba hawalijui vizuri. Akafika kwangu.

"Na wewe, mama?"

"Mimi ninangojea bwana yangu akuje."

"Yuko wapi?"

"Iko pale, upande wa wanaume."

Alimgeukia mkubwa wa gereza, akamtazama, akarudi kunitazama, kisha akakutazama wewe. Alitoa karatasi kwenye mfuko wake, akaiweka juu ya paja, akaandika palepale amesimama kwa mguu mmoja. Haikuchukua muda wa kumenya muhogo. Miezi yote ile nilikuwa nafikiri kutoka kwangu ni jambo kubwa linalohitaji watu wakubwa wakae, wabishane, wakubaliane. Kulihitaji mtu mmoja apande aone.

Nikamwambia, "Majistra, kuna mwingine. Anaitwa Mama Feza. Hayuko hapa, ameenda kuchota maji kwa administrata."

"Atarudi saa ngapi?"

"Jua likishuka."

Aliangalia jua. Alikuwa na safari mbele yake, na mtumbwi uliomleta ulikuwa unamngoja. Alifunga mfuko wake.

"Nitamuona safari ijayo," akasema. Na alimaanisha, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeweka ahadi. Baadaye nikasikia alihamishwa kabla mvua hazijaanza, akapelekwa mkoa mwingine.

Nilikutana na Mama Feza kwenye mteremko, mimi nashuka na wewe mgongoni, yeye anapanda na ndoo kichwani. Nikamwambia yote. Alitua ndoo, akanisikiliza, akakushika mguu.

"Alikuja leo?" akauliza.

"Leo."

"Na mimi nilikuwa kisimani."

Nilitaka kumrudishia kitenge, akakataa. Akaomba nimtwishe ndoo, maana kulikuwa na watu wanaoyangoja yale maji, akaendelea kupanda.

Nilirudi kumpelekea bukari na ndagala kila nilipoweza. Baba yako alipotoka, injini ikiwa imepatikana nyumbani kwa shemeji wa patroni mwenyewe, hakuna aliyemwambia hata pole. Tulihamia Kalemie, na nilipopata nauli ya kurudi kule, Kalonda alinipokea getini akiwa amevua kofia. Mama Feza alikuwa amekufa kwa kuharisha. Wafungwa walimzika nyuma ya ukuta. Kalonda alinionyesha mahali penyewe, majani tu. Nilimwuliza kama kesi yake iliwahi kusikilizwa. Alitikisa kichwa.

Hiyo ndiyo habari, mwanangu. Iliyobaki unaijua, maana uliishi ndani yake. Unajua kwamba baba yako hakuweza kulala chumba kilichofungwa mlango, hata wakati wa mvua, na kwamba kila alipokutana na mtu mwenye sare alivua kofia, akasimama pembeni ya njia mpaka apite. Ulikuwa mdogo, mmeshikana mikono kule bandarini, ukamwuliza, "Papa, huyu unamusalimia ni nani?" Akakujibu, "Simujui." Ulikuja ukaniuliza mimi, na mimi nikakuambia nenda ukacheze. Nilidhani nisipojibu, jambo lile halitakufikia. Wewe ulikuwa unaliona kila siku, bila maelezo, na mtoto anayeona bila maelezo anajitengenezea yake. Hilo nililielewa nikiwa nimechelewa.

Na ulipomaliza sekondari ukasema unataka kusoma sheria, nilikataa. Nilitaka uuguzi. Nilikaa bila kusema nawe siku nyingi, nikipika na kukupakulia kimya kama mpangaji. Nilidhani nakukinga. Ni baba yako, mgonjwa tayari, amekaa pale kwenye mkeka, aliyeniambia, "Mama Riziki, mwache aende. Yule wa matope kwenye viatu, na yeye alikuwa na mama." Tuliuza wavu na mtumbwi mdogo tukalipa minerval, ada ya mwaka wa kwanza, na kabla mwaka huo haujaisha tukamzika. Alikufa akijua uko chuoni. Kwa hilo nashukuru, na nakuomba msamaha kwa zile siku za kimya.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunaosha vyombo. Ulikuwa umegeukia upande mwingine uliponiuliza, "Mama, na kama nikakuwa sawa na wao?" Nikakuambia umalize sahani. Ni jibu la mtu aliyeogopa, kwa sababu swali hilo hata mimi nilikuwa nalo tangu siku barua yako ya kazi ilipofika.

Nimelifikiria wiki nzima. Ningependa kukuambia wewe una moyo mzuri, haitatokea. Lakini askari aliyenikamata alinibebea mfuko. Kalonda alilala kwenye vumbi kwa ajili yako. Mkubwa wa gereza alinipa kiti. Yule majistra alinitoa kwa mkono wake. Katika wote hao sikumwona mtu wa kumchukia, na Mama Feza yuko nyuma ya ukuta. Wale waliojenga juu ya kilima kile walijenga ili kazi iendelee bila kuhitaji mtu mbaya. Waliweka depo, wakaweka mstari, kapita, mfungwa wa kuchota maji, na neno la kuwajibu wanaouliza. Wakaondoka. Kila aliyeingia baada yao alikuta kiti bado kina joto, akakaa.

Kwa hiyo sitakuahidi. Itafika siku umechoka, mvua inanyesha, gereza liko mbali, na mezani kuna rundo la dosie, na mtu mwenye adabu amesimama mbele yako anasema ndivyo tunavyofanya siku zote, majistra. Utaweka sahihi. Najua utaiweka, kwa sababu na wewe ni muntu. Siku hiyo usinipigie simu kutafuta maneno ya kukutuliza. Ukiamka kesho yake, nenda kule. Tia viatu vyako kwenye matope.

Na ukifika, wakishakupangia watu mstari, usitosheke na waliosimama. Uliza ni nani hayupo. Uliza yuko kwa nani, anafyeka majani ya nani, anabeba maji ya nani. Watakuambia atarudi jioni. Omba kiti, ungoje jioni.

Usiogope watu wakisema unachelewesha kazi. Usiogope pia siku utakapoona hakuna kinachobadilika. Nkambo aliona bendera ikishuka na mlango ukibaki, na bado alipanda kilima na bukari yake kila siku, mzee kiasi kile, bila kungoja serikali iwe nzuri kwanza. Mimi sikupewa elimu yako. Lakini nimekaa mle ndani nikajua kwamba mtu aliyefungwa hangojei nchi ibadilike. Anangoja mtu mmoja atokee pale mlangoni na kumwuliza jina lake.

Nimesikia sauti yako njiani, unacheka na jirani, kwa hiyo naacha hapa. Barua hii nitampa mjomba wako akuwekee kwenye mfuko wa mbele, uisome mtakapopumzika, Kalemie ikiwa imebaki nyuma. Ukiisoma mbele yangu tutalia wote wawili na motari atapoteza asubuhi yake. Samaki wameiva. Nainuka kusonga bukari, tule pamoja.

Ni mimi,
mama yako